Punguza chumvi, usipunguze ladha

Mazungumzo ya afisa wa lishe wa jamii na wakazi wa Kinango kuhusu viungo ambavyo wengi wetu hatujavizoea jikoni. Tunayachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kliniki mzee mmoja mwenye presha ya juu. Nilimwambia lile tunalowaambia wote: "Mzee, meza dawa kila siku, na upunguze chumvi." Akaitikia, akaondoka. Baada ya miezi mitatu alirudi na mke wake, na presha iko pale pale. Nikauliza, "Mama, chumvi mlipunguza?" Akanijibu, "Daktari, nilimpikia sufuria yake peke yake, haina chumvi. Alikula siku nne. Ya tano akasema yeye si mgonjwa wa kulazwa, akaja kula chungu kimoja na sisi."

Basi nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: "Mama, ukipika mchuzi unatia nini?" Akasema kitunguu, nyanya, chumvi, na kile kidonge cha supu cha dukani. Ukiondoa chumvi na kidonge, mzee alikuwa amebakiziwa nini? Kitunguu na nyanya. Nilimwondolea ladha na sikumpa kitu badala yake. Kosa halikuwa la mzee wala la mama. Lilikuwa langu.

Ndiyo maana leo sikuja kuwaambia muache chumvi. Nimekuja kuwaambia mtakachotia badala ya ile mtakayoipunguza.

Kwa nini chumvi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa juu. Na si kijiko cha kutia chunguni tu. Ni pamoja na ya mkate, ya papa, ya kachumbari, ya viazi karai na ya vile vidonge. Chumvi ikizidi, mwili hushika maji, na kwa watu wengi mishipa ya damu hulemewa. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 hapa Kenya ana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha haina maumivu. Mara nyingi dalili ya kwanza ni kiharusi.

Nyumbani leo, chukua pakiti ya vile vidonge au ule unga wa mchuzi, usome orodha ya vilivyomo. Kwa kawaida kilicho kingi ndicho hutajwa kwanza, na mara nyingi utakuta ni chumvi. Kwa hiyo mtu aliyepunguza chumvi ya kijiko akabaki na vidonge viwili chunguni, bado hajapunguza.

Lakini tusivuke mpaka. Chumvi yetu ya dukani hutiwa madini ya aidini kwa mujibu wa sheria, na aidini hutukinga na uvimbe wa tezi la shingo. Kwa hiyo tumia chumvi ya pakiti iliyotiwa aidini, kidogo. Na mtoto ambaye hajafika mwaka 1 asitiwe chumvi katika uji wala chakula chake.

Viungo ni wageni, lakini si wageni wabaya

Najua wengine mnasema, "Hayo mambo ya iliki na bizari ni ya watu wa Mombasa na wa Vanga. Sisi huku twala wari na mboga." Lakini kwenye arusi mnaijua harufu ya pilau tangu mkiwa barabarani. Tatizo ni kwamba tunavijua viungo hivyo vikiwa vimekwisha kuchanganywa. Hatukijui kimoja kimoja, na mtu hawezi kupika na kitu asichokijua.

Na ugeni si hoja. Pilipili tunayoipanda nyuma ya nyumba asili yake ni Amerika, sawa na nyanya, sawa na mahindi ya sima yetu. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku huko Indonesia, na Unguja na Pemba zikaanza kuipanda katika karne ya 19. Ukwaju, kwa upande mwingine, ni mti wa Afrika. Kila mmoja wa wageni hao alikuwa na siku yake ya kwanza jikoni, na kulikuwa na mama aliyenusa akauliza, "Hiki ndicho nini?"

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hivyo ndivyo nataka mfanye. Siku ya kwanza mnuse. Siku ya pili mwonje. Ya tatu mpe kazi.

Sita wa kuanza nao

Wa kwanza ni bizari nyembamba, ambayo wengine huiita jira au uzile. Ni mbegu ndogo, nyembamba, za rangi ya kahawia. Hupenda maharage, kunde, pojo na nyama.

Wa pili ni giligilani, yaani mbegu za dania. Ni za mviringo, harufu yake ni laini na inakaribia ya ndimu. Huupa mchuzi uzito. Ukizidisha kidogo haiharibu chakula, kwa hiyo ni rafiki wa anayejifunza.

Wa tatu ni manjano. Hii hutiwa kidogo, nusu kijiko cha chai kwa chungu kizima. Ikizidi huwa chungu na hunuka udongo. Na angalia nguo, doa lake halitoki upesi.

Wa nne ni tangawizi mbichi pamoja na kitunguu saumu. Hawa mnawajua, ila wengi tunawatia kidogo mno. Vikipondwa pamoja kinuni hujaza mdomo ladha hata chumvi ikiwa nusu.

Wa tano ni pilipili manga. Ukali wake si wa kuchoma kama pilipili mbichi. Ponda punje wakati wa kupika, tia mwisho.

Wa sita ni ukwaju. Kati ya wote, huyu ndiye anayeziba vizuri zaidi pengo la chumvi, kwa sababu ukali wa uchachu huuamsha ulimi. Ndimu na embe mbichi hufanya kazi hiyo hiyo. Na mikwaju tunayo hapa hapa. Mnauza magunia kwa watu wa Mombasa, kisha mnanunua kidonge dukani.

Iliki, karafuu na mdalasini sikuvihesabu kwa sababu vina nguvu sana. Karafuu 2 zinatosha chungu cha watu 6. Anza navyo kwenye chai. Chai yenye iliki au mchaichai hunyweka na sukari kidogo kuliko ile ya majani matupu, na hapo utakuwa umepunguza vitu viwili.

Mgeni mwingine yuko shambani mwetu

Kuna mmoja nataka kumtaja kwa kuwa ni wa kaunti yetu. Ndugu zetu wa upande wa Msambweni na Lunga Lunga wanapanda mrangi, ule mti wenye maganda mekundu yenye manyoya. Mbegu zake huuzwa kiwandani zikatolewe rangi. Rangi hiyo huitwa anato, na ndiyo hutiwa kwenye siagi, jibini na vyakula vingine. Kwenye pakiti huandikwa E160b. Sisi tunaijua kama zao la biashara tu. Lakini kule ulikotoka, Amerika ya Kati na Kusini, mrangi ni kiungo cha jikoni. Mexico huitwa achiote, husagwa na kitunguu saumu na maji ya machungwa makali, ikapakwa samaki na nyama kabla ya kuchomwa. Wafilipino nao huutia kwenye mchuzi.

Namna ya kuutumia ni rahisi. Chukua mbegu safi, kavu, zisizo na mchanga wala dawa ya shambani, vijiko 2 vikubwa. Tia katika nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, moto mdogo sana, dakika 3 hadi 5. Mafuta yakishakuwa mekundu, epua kabla mbegu hazijawa nyeusi, maana zikiungua huwa chungu. Chuja, utupe mbegu, uweke mafuta kwenye chupa kavu. Kijiko kimoja kwenye wali au samaki kinatosha. Ladha yake ni ya upole, haishindani na kitu. Kama hujawahi kuula, onja kidogo kwanza, kwa sababu wako watu wachache ambao miili yao haipatani nao.

Kila kiungo na saa yake

Hapa ndipo wengi huharibu, kisha husema viungo si vizuri. Harufu ya viungo vingi imo katika mafuta yaliyomo ndani yake, na mafuta hayo hutoka vizuri kwenye mafuta ya moto kuliko kwenye maji. Ukitupa bizari kavu kwenye mchuzi unaochemka, utapata vumbi. Ukiikaanga kidogo kwanza, utapata harufu.

Kwa hiyo shikeni mpangilio huu. Mbegu nzima huingia mwanzo, kwenye mafuta, kabla ya kitunguu. Zikianza kutatarika, kama nusu dakika hivi, tia kitunguu haraka. Viungo vya unga huingia baada ya kitunguu kuiva, pamoja na maji vijiko viwili vitatu ili visiungue. Nyanya hufuata. Ukwaju na ndimu huja mwisho. Sikilizeni hili vizuri: ukitia ukwaju kwenye kunde ambazo hazijaiva, hazitalainika, utamaliza kuni bure. Uchachu huzuia nafaka za jamii ya kunde kulainika. Ziive kwanza. Majani ya dania na pilipili manga hutiwa wakati wa kuepua.

Mfano: pojo za nazi

Chemsha nusu kilo ya pojo bila chumvi mpaka ziive. Katika sufuria nyingine weka vijiko 2 vikubwa vya mafuta, ukitaka yawe yale ya mrangi. Tia kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba nzima. Ikitatarika, tia kitunguu 1 kikubwa kilichokatwa, ukikaange hadi kigeuke rangi. Tia punje 3 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa. Kisha giligilani iliyosagwa kijiko 1 cha chai na manjano nusu kijiko, pamoja na maji kidogo. Koroga dakika 1. Tia nyanya 2, zipondeke. Mimina pojo, kisha tui la nazi moja. Acha moto mdogo dakika 10. Sasa tia chumvi nusu kijiko cha chai, na maji ya ukwaju vijiko 2 vikubwa. Onja. Epua, nyunyiza dania. Chakula hicho ni cha watu 6.

Aliye na papa wa chumvi amroweke saa kadhaa, abadilishe maji mara 2 au 3, kisha ampike kwa ukwaju na nazi bila kuongeza chumvi. Papa amekuja na yake.

Na pilipili kali waachieni watu wazima. Watoto wapewe kwanza giligilani na iliki, ndipo wataizoea ladha bila kulia.

Kununua na kuhifadhi

Nunueni viungo vizima, msage au mponde nyumbani. Kuna sababu tatu. Kwanza, kizima hukaa na harufu muda mrefu, na cha unga hupoteza upesi. Pili, kizima unakiona. Tatu, unga ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine. Nchini Bangladesh watafiti walikuta manjano ya unga yametiwa rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi hudhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2019 serikali yao ilianza msako mkali. Kama manjano yanang'aa kupita kiasi na huna hakika yametoka wapi, yaacheni. Nunueni mizizi, mkate, mwanike, mponde.

Msinunue kingi. Pakiti ya shilingi 10 au 20 inatosha kujifunza. Mama mmoja akinunua bizari na jirani giligilani, wakigawana, kila mmoja ana viwili.

Hifadhini kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na jua. Kijiko chenye maji kisiingie humo. Kiungo kilichopata unyevu hushika ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Hatujasahau mwaka 2004, pale mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 upande wa Ukambani. Kiungo chenye ukungu usikioshe wala usikianike upya. Kitupe.

Maneno matatu ya tahadhari

La kwanza: viungo si dawa. Msisikie mtu akiwaambia manjano au kitunguu saumu vinatibu presha au sukari, mkaacha vidonge mlivyopewa. Kazi ya viungo ni kufanya chakula chenye chumvi kidogo kilike. Dawa endeleeni nazo mpaka daktari aseme vingine.

La pili: kilicho kizuri kwa kipimo cha chungu huenda kisiwe kizuri kwa kipimo cha kikombe. Mama mjamzito ale chakula chenye viungo kama kawaida, lakini asinywe maji mazito ya mdalasini, uwatu au kinginecho bila kumwuliza muuguzi.

La tatu: msipunguze chumvi yote siku moja. Ulimi ni mwanafunzi, hufundishika polepole. Kama nyumba yako hutia vijiko viwili, wiki hii tia kimoja na nusu na uongeze kiungo kimoja. Wiki ya pili punguza tena. Kiungo kimoja kwa wiki, kwenye chakula ambacho nyumba tayari inakipenda. Ukileta vitano siku moja na chakula kikawa kibaya, hutajua ni kipi kilichoharibu, na watoto hawatakubali tena. Baada ya wiki chache utaenda kula mahali, utasema, "Mbona hapa wanatia chumvi hivi?" Hapo ujue ulimi umefuzu. Na chupa ya chumvi iondoke mezani. Anayetaka ainuke aifuate jikoni. Wengi wataona uvivu.

Yule mzee

Mtaniuliza, yule mzee aliishia wapi? Mama yule nilimpa kazi ya kiungo kimoja tu, bizari nyembamba, kwenye kunde. Alirudi akasema watoto wameuliza kama kuna mgeni. Tukaongeza cha pili, halafu ukwaju wa mti ulio nyumbani kwao. Kidonge cha supu kilikuwa cha mwisho kuondoka, na kilichukua muda.

Presha ya mzee imeshuka. Siwezi kusimama hapa nikasema ni bizari iliyoishusha, kwa sababu pia alianza kumeza dawa kila siku bila kuruka, na hilo ndilo kubwa. Ninachoweza kusema ni hiki: nyumba ile haipiki tena sufuria mbili. Hakuna chungu cha mgonjwa na chungu cha wazima. Mzee anakula na wajukuu wake chakula kimoja, na wajukuu wanakulia katika chumvi kidogo bila kujua kwamba wanajinyima.

Mkitoka hapa, pimeni presha kwenye meza ile pale kabla hamjaenda nyumbani. Inachukua dakika chache tu. Hata kijana apime. Na wale ambao hawakufika, waambieni zahanati iliyo karibu nao itawapima.

Kisha mkifika nyumbani, chagueni mgeni mmoja. Mmoja tu. Mpeni jembe.